Nani Aliyelipwa? Maana ya Ukombozi katika Imani ya Wakristo



Nimepewa nafasi hii niseme nanyi juu ya neno moja ambalo Wakristo hulitamka kila Jumapili, nalo ni neno ukombozi. Natambua ya kuwa wanaonisikiliza si Wakristo tu. Wako Waislamu, na wako wengine wanaoshika desturi za wazee wao. Sikuja kushindana na mtu, wala kumvuta mtu aiache njia yake. Mimi ni mwalimu, na kazi ya mwalimu ni kulieleza jambo hata lieleweke. Likiisha kueleweka, kila mtu ana akili zake za kulipima. Basi nataka kueleza Wakristo husadiki nini wasemapo ya kuwa Yesu Kristo alikufa kwa ajili ya watu, na ya kuwa kwa kifo chake watu wamekombolewa.

Katika chuo cha ualimu ninakofundisha, vijana wanaojifunza kazi hii hunijia na swali moja ambalo halikosi kurudi kila mwaka. Husema: Mwalimu, mtu hakombolewi bure. Kama tumekombolewa, basi bei imelipwa. Na kama bei imelipwa, ni nani aliyelipwa?

Swali hili si la kitoto. Wakuu wa Kanisa waliliuliza zaidi ya miaka 1600 iliyopita, wala hawakupatana katika jibu. Tena ni swali lenye hatari ndani yake. Mtu akijibu ya kwamba aliyelipwa ni Shetani, amemfanya Mungu kuwa mnunuzi anayesimama mbele ya mwizi na fedha mkononi. Akijibu ya kwamba aliyelipwa ni Mungu, huenda akamfanya Mungu kuwa mdai mkali asiyeridhika mpaka aone damu, tena damu ya mtu asiye na kosa. Wako watu wengi waliokaa na mojawapo ya picha hizo mioyoni mwao tangu utoto, nao humwogopa Mungu pasipo kumpenda. Ndiyo sababu nataka tulichunguze swali hili polepole.

Tuanze na maneno yenyewe. Dr. Krapf alipofika Mombasa mwaka 1844, alianza mwaka huo huo kukitafsiri kitabu cha Mwanzo katika Kiswahili. Baadaye Askofu Steere wa Unguja alifanya kazi kubwa zaidi ya tafsiri. Watu hawa, pamoja na wenyeji waliowasaidia, hawakukaa kitako kuzua maneno mapya ya dini. Waliyaokota sokoni, barazani na baharini, mahali watu walipoyatumia kila siku.

Neno kukomboa lilikuwako zamani. Mtu aliyeweka kitu chake rehani, akiisha kulipa deni lake, hukikomboa. Ndugu wa mtu aliyetekwa vitani walikwenda na mali ili wamkomboe. Neno fidia limetoka katika Kiarabu, na Waislamu walijua vema: mzee asiyeweza tena kufunga Ramadhani hutoa fidia kwa kumlisha maskini. Neno kafara ni kadhalika. Mwislamu aliyevunja kiapo hutoa kafara, na mojawapo ya namna zake ni kuwalisha maskini kumi. Na watu wa pwani huita kafara ile sadaka inayotolewa ili balaa iondoke katika nyumba au katika mji. Neno kupatanisha ni la barazani, wazee wanapowakalisha pamoja ndugu waliogombana. Na neno kuokoa ni la mtu aliyetolewa majini chombo kilipozama, au aliyetolewa katika nyumba iwakayo moto.

Mnaona, basi, ya kuwa maneno haya matano ni picha tano. Soko lina picha yake, madhabahu ina yake, baraza ina yake, na bahari ina yake. Kila moja yatuonyesha upande mmoja wa jambo moja. Kosa huingia pale mtu anapochukua picha moja, akaivuta mpaka mwisho wake, akasahau ya kuwa ni picha. Nami nataka tuzitazame mbili tatu kati ya hizo kwa makini.

Picha ya kwanza ni ya ukombozi. Sisi watu wa Afrika ya Mashariki tuna sababu ya kulielewa neno hili kuliko mataifa mengi, maana katika pwani yetu ukombozi ulikuwa jambo la kuonekana kwa macho. Mapadre wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni yao Bagamoyo mwaka 1868, na katika miaka ile ya kwanza walinunua watumwa katika soko la Unguja, hasa watoto, wakawaleta Bagamoyo kuwalea na kuwafundisha. Kila mtoto alikuwa na bei yake iliyohesabiwa kwa fedha. Hapo hapana haja ya kuuliza ni nani aliyelipwa: alilipwa mfanya biashara ya watumwa. Nia ya wanunuzi ilikuwa ya huruma, na mtoto yule alitoka kweli katika mikono ya bwana wake. Lakini mfanya biashara naye alikwenda zake na fedha mfukoni, na kwa fedha hiyo aliweza kutafuta watoto wengine bara. Hapo ndipo penye uchungu wa ukombozi wa bei. Humtendea mwizi kana kwamba mali aliyoiba ni mali yake.

Palikuwapo na ukombozi wa namna ya pili. Manowari za Waingereza zilikuwa zikiyakamata majahazi yaliyobeba watumwa, na watu waliokutwa ndani yake wakashushwa pwani wakiwa huru. Wengi walipelekwa Freretown, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, mahali palipoanzishwa na misheni ya C.M.S. mwaka 1875. Katika ukombozi huu mwenye jahazi hakupewa hata pesa moja. Aliyekuwa na nguvu alimnyang'anya aliyeonea. Na tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash alitia sahihi mkataba wa kulifunga soko la watumwa la Unguja. Siku ya Noeli ya mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa juu ya kiwanja cha soko lile, na masimulizi husema ya kuwa madhabahu yake imesimama mahali ulipokuwa mti wa kuwachapia watumwa. Soko lile halikununuliwa bidhaa zake zote hata likabaki tupu, lilifungwa.

Sasa tufungue kitabu cha Kutoka, sura ya 6. Mungu anamwambia Musa awape Waisraeli habari ya kuwa atawakomboa katika utumwa wa Misri kwa mkono wake wenye nguvu. Neno ni lile lile la ukombozi. Je, Farao alilipwa nini? Hakulipwa kitu. Tazama tena Injili ya Marko, sura ya 10, mahali Yesu anaposema ya kuwa amekuja kuutoa uhai wake uwe fidia kwa ajili ya wengi. Hapo fidia imetajwa, na anayeitoa ametajwa, na wanaotolewa kwayo wametajwa. Mtu mmoja hakutajwa, naye ni mpokeaji. Nimewataka wanafunzi wangu mara nyingi wamtafute mpokeaji huyo katika Agano Jipya lote, wakikuta mahali bei ya ukombozi inapotajwa kuwa ilikabidhiwa fulani. Hawajamwona.

Lakini watu hawapendi nafasi iliyo wazi, nao huijaza. Mwalimu mkubwa wa Aleksandria, Origen, katika karne ya tatu, alidhani ya kuwa aliyelipwa ni Shetani, kwa maana ndiye aliyewashika watu. Katika karne ya nne Askofu Gregory wa Nyssa aliendelea na fikira hiyo, akaitia mfano ambao wavuvi wetu wangeuelewa upesi. Alisema ya kuwa uungu wa Kristo ulifichwa ndani ya mwili wake kama ndoana ndani ya chambo. Shetani akaumeza mwili kwa tamaa, akanaswa na uungu. Ni mfano wenye kuchekesha, lakini ndani yake limo jambo la kusikitisha, yaani Mungu kutumia hila.

Rafiki yake, naye aliitwa Gregory, wa Nazianzus, hakuweza kuikubali fikira ile. Aliuliza waziwazi: damu ile ilitolewa kwa nani? Kama ni kwa yule mwovu, basi ni fedheha kubwa, kwa kuwa mnyang'anyi amepata ujira wa unyang'anyi wake, tena ujira uliozidi kila kitu. Ndilo neno lile lile tulilolisema juu ya mfanya biashara wa Unguja. Na kama ni kwa Mungu Baba, Gregory aliuliza tena, imekuwaje, hali si yeye aliyetushika mateka? Tena Baba huyo hakumkubali Isaka alipotaka kutolewa na Ibrahimu, bali aliweka kondoo mahali pake. Mwanachuoni huyu aliona ya kuwa mlango wa kulia umefungwa, na mlango wa kushoto umefungwa. Hapo ndipo tunapojifunza ya kuwa huenda swali letu limeulizwa vibaya. Tuliweke kando kwa muda, nasi tutalirudia.

Picha ya pili ni ya madhabahu. Katika kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 16, twasoma habari ya siku kuu ya upatanisho ya Waisraeli. Mbuzi wawili waliletwa. Mmoja alichinjwa, na damu yake ikapelekwa mahali patakatifu. Wa pili kuhani alimwekea mikono kichwani, akayaungama juu yake makosa yote ya taifa, kisha mbuzi yule akapelekwa jangwani mahali pasipo watu, akayachukua makosa yale asirudi nayo. Wayahudi huishika siku hiyo mpaka leo, ingawa sadaka za wanyama zilikoma Hekalu la Yerusalemu lilipobomolewa na Warumi mwaka 70. Na wataalamu wa lugha husema ya kuwa neno lao la Kiebrania kwa siku hiyo na neno kafara la Waarabu ni ndugu wa mzizi mmoja.

Mtu wa kwetu asikiapo habari hiyo hukumbuka mambo anayoyajua. Katika miji kadhaa ya pwani ilikuwako desturi ya kumzungusha ng'ombe mji mzima kabla ya kumchinja, ili mabaya yauepuke mji. Na bara, mahali pengi, wazee walitoa mnyama ili roho za waliokufa zitulie. Katika mambo hayo yote mwanadamu ndiye mwanzo wa safari. Ameona hofu, ametafuta mnyama, amempeleka, naye angojea aone kama hasira imepoa. Watu wengi huufikiri msalaba wa Kristo kwa njia hiyo hiyo: Mungu alikasirika, akapelekewa damu, akatulia.

Lakini Maandiko yenyewe hayaendi njia hiyo. Sura ya 17 ya Mambo ya Walawi yaeleza ya kuwa damu ya upatanisho ni kitu ambacho Mungu mwenyewe amewapa watu juu ya madhabahu. Mkono unaotoa kwanza ni wake. Nabii Mika, katika sura ya 6, auliza kama Mungu atapendezwa na maelfu ya kondoo waume, au hata na mzaliwa wa kwanza wa mtu, naye ajibu ya kuwa Mungu hutaka haki na huruma na unyenyekevu. Na Mtume Paulo, katika sura ya 5 ya waraka wake kwa Warumi, husema ya kuwa Mungu alionyesha pendo lake kwa jambo hili, kwamba Kristo alikufa kwa ajili yetu tulipokuwa tungali wenye dhambi. Angalieni mpango wa maneno hayo. Hasemi ya kuwa Kristo alikufa, na kwa sababu hiyo Mungu akaanza kutupenda. Pendo lilitangulia, na msalaba ukafuata. Mtu akimfundisha mtoto kinyume cha hayo amempa mzigo mzito wa kuuchukua maisha yake yote.

Picha ya tatu ni ya deni na heshima. Katika kabila nyingi za nchi zetu, mtu akimwua mtu, jambo halikuishia kati ya wawili. Ukoo wa mwuaji ulipaswa kulipa dia kwa ukoo wa aliyeuawa, wazee wakaketi, mali ikahesabiwa, na mwisho watu wa pande mbili wakala pamoja. Kabla ya hayo hapakuwa na amani, na aliyesema tuache yaishe tu alionekana kuwa amemdharau marehemu. Sisi husema dawa ya deni ni kulipa.

Mtu wa desturi kama hizi angemwelewa Anselm upesi. Anselm alizaliwa Aosta katika nchi ya Italia mwaka 1033, akawa Askofu Mkuu wa Canterbury mwaka 1093. Mwaka 1098, akiwa mbali na kiti chake kwa sababu ya ugomvi na mfalme wa Uingereza, alimaliza kitabu chake kinachouliza kwa nini Mungu alifanyika mtu. Nakipenda kitabu hiki kwa sababu kimeandikwa kwa mafundisho ya kuulizana na kujibizana, mwalimu na mwanafunzi wake Boso, na Boso hakubali jibu jepesi. Anselm alifundisha ya kuwa dhambi ni kumnyima Mungu heshima iliyo haki yake. Deni hilo hapana budi lilipwe, kwa maana Mungu akiliacha bure ataiacha haki ipotee ulimwenguni. Mwenye kupaswa kulipa ni mwanadamu, kwa kuwa ndiye aliyekosa. Lakini hana cha kulipa, kwa kuwa kila alicho nacho ni cha Mungu tangu awali. Mwenye kuweza kulipa ni Mungu peke yake. Basi alihitajiwa mmoja aliye Mungu na mtu pamoja.

Mafundisho ya Anselm yalimwondoa Shetani katika hesabu, na hilo lilikuwa jambo jema. Lakini Peter Abelard, mwalimu wa Ufaransa aliyekufa mwaka 1142, aliuliza kwa uchungu kama si ukatili mtu kuitaka damu ya asiye na hatia iwe malipo ya jambo lolote, na Mungu atapendezwaje na kifo cha Mwanawe. Yeye aliona ya kuwa msalaba watukomboa kwa kuwa huwasha pendo katika mioyo yetu. Miaka 400 baadaye, Calvin na wengi wa Waprotestanti walisema ya kuwa Kristo aliichukua adhabu iliyotupasa sisi. Mabishano hayo hayajaisha. Na Kanisa la kale, lilipoiweka Imani yake katika Mkutano wa Nikea mwaka 325 na wa Konstantinopoli mwaka 381, lilikiri ya kuwa Kristo alikuja na kusulibiwa kwa ajili ya wanadamu. Halikumfunga mtu kwa maelezo ya njia iliyotumika.

Sasa nimefika penye shingo ya jambo. Jirani yangu Mwislamu huniuliza kwa adabu: Mwalimu, sisi tumefundishwa ya kuwa hapana abebaye mzigo wa mwenziwe, itakuwaje mmoja afe kwa makosa ya mwingine, na hiyo iitwe haki? Wakristo wengine hukasirika wakisikia swali hili. Haifai, kwa maana limo katika Biblia yao. Nabii Ezekieli, sura ya 18, afundisha wazi ya kuwa mwana hatauchukua uovu wa baba, wala baba hatauchukua uovu wa mwana. Hakimu akimfunga mtu asiyekosa ili amwache aliyekosa, hata kama yule wa kwanza amekubali, sote tutasema ya kuwa hakimu yule ameharibu kazi yake.

Nitajibu kwa mfano wa dukani. Tuseme mkulima amekopa kwa mwenye duka mali ya shilingi 100, unga na nguo na chumvi, katika mwaka wa njaa. Mavuno ya mwaka wa pili nayo yakakosa. Mwenye duka akamhurumia, akakifungua kitabu cha madeni, akalipiga mstari jina la mkulima. Mkulima akaenda nyumbani akishukuru, naye hadaiwi kitu. Je, zile shilingi 100 zimekwenda wapi? Unga umekwisha kuliwa, na nguo zimekwisha kuchakaa. Mwenye duka alikwisha kuzilipia bidhaa zile kwa wale waliomwuzia. Hazikutoweka, basi. Zimemwangukia mwenye duka mwenyewe, naye amezibeba katika mali yake. Kwa aliyesamehewa, msamaha ulikuwa bure. Kwa aliyesamehe, haukuwa bure hata kidogo.

Sasa mwulizeni mkulima yule: deni lako limekwisha, nani aliyelipwa? Ataona ya kuwa swali halina mahali pa kusimama. Hapakuwa na kitu cha kupokewa. Palikuwa na hasara ya kubebwa, na aliyeibeba ni yule yule aliyekosewa.

Hivi ndivyo Wakristo wanavyousadiki msalaba, wakiuelewa vema. Paulo, katika waraka wa pili kwa Wakorintho, sura ya 5, asema ya kuwa Mungu mwenyewe alikuwa ndani ya Kristo akiupatanisha ulimwengu na nafsi yake. Hapana mtu wa tatu aliyekamatwa njiani akaadhibiwa badala ya mwenye kosa. Aliyekosewa ndiye aliyelipiga mstari deni, na msalaba ni hasara yake iliyoonekana kwa macho ya watu. Nakiri ya kuwa jibu hili limesimama juu ya neno moja, yaani Kristo ni Mungu aliyefanyika mtu. Hapo Mkristo na Mwislamu huachana, wala sitaki kulifunika jambo hilo kwa maneno matamu. Kama Yesu ni mtu wa tatu tu, basi swali la jirani yangu limeshinda. Na kwa sababu hiyo hiyo, mhubiri anayesimulia ya kuwa Baba alikuwa mwenye hasira na Mwana mwenye huruma, amewagawanya wawili ambao imani yake yasema ni wamoja, naye amelijenga upya lile swali la Ezekieli.

Mtu ataweza kuniuliza: kwa nini basi Mungu asisamehe tu, pasipo msalaba? Nami namwomba mtu huyo asimame kwa fikira katika soko la Unguja, karibu na mama aliyenyang'anywa mtoto wake. Amwambie mama yule: yaishe, si kitu. Je, huo ni msamaha? Ni tusi. Ni kusema ya kuwa mtoto yule hakuwa na thamani. Uovu mkubwa ukifutwa kwa neno jepesi, walioumizwa huumizwa mara ya pili. Msamaha wa kweli kwanza huutaja uovu kwa jina lake, hupima uzito wake wote, kisha huuchukua. Wakristo wautazamapo msalaba huona mambo hayo mawili pamoja, dhambi ilivyo nzito, na Mungu alivyokubali kuilemewa.

Yabaki neno la mwisho, nalo ni wokovu. Katika Kiyunani cha Agano Jipya neno la kuokoa hutumika pia kwa mgonjwa aliyeponywa, kama yule mwanamke aliyeligusa vazi la Yesu katika Marko, sura ya 5. Basi wokovu hauishii katika kuepuka moto. Ni afya inayorudi. Na afya hurudi polepole. Nimesema ya kuwa soko la Unguja lilifungwa siku moja ya mwaka 1873. Lakini hali ya utumwa yenyewe haikufutwa katika sheria mpaka mwaka 1897 kule Unguja, mwaka 1907 katika pwani ya Kenya, na mwaka 1922 katika Tanganyika. Mlango ulifunguliwa, na safari ya kutoka ikachukua miaka mingi. Mtu aliyekombolewa naye huweza kuendelea kuishi kama mtumwa, au, jambo lililo baya zaidi, kama bwana wa watumwa.

Katika miaka ya 1930 uamsho ulianza Gahini, katika Rwanda, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika. Watu wake walijiita waliookoka. Wako waliowacheka, na wako waliokerwa na nyimbo zao na kuungama kwao mbele ya watu. Lakini jambo moja halikuweza kuchekwa: watu walirudisha vitu walivyoiba, wakalipa madeni waliyoyakana, wakaomba radhi kwa waliowasengenya. Zakayo mtoza ushuru alifanya vivyo hivyo katika Luka, sura ya 19, akaahidi kurudisha mara nne, na hapo ndipo Yesu alipotamka ya kuwa wokovu umeingia katika nyumba ile.

Tena Yesu aliacha mfano wa mtumwa aliyesamehewa na mfalme talanta 10,000, kisha akamkaba koo mwenziwe kwa ajili ya dinari 100. Wanafunzi wangu hupenda kuifanya hesabu hiyo ubaoni. Dinari moja ilikuwa ujira wa kibarua kwa siku, na talanta ilihesabiwa kama dinari 6,000. Basi deni la kwanza ni siku 60,000,000 za kazi, ambazo kwa mtu afanyaye kazi siku 300 kila mwaka ni miaka 200,000. Deni la pili ni kazi ya siku 100. Hesabu ikiisha, darasa hunyamaza, maana kila mmoja anamjua mtu fulani aliye na dinari zake 100.

Hapo ndipo fundisho hili linapotoka kanisani likaingia nyumbani mwetu. Anayesadiki ya kuwa Mungu aliibeba hasara yake hawezi kukaa na kitabu cha madeni ya ndugu yake, akikifungua kila usiku. Wala hawezi kumwambia aliyeumizwa anyamaze ili mambo yaishe. Atautaja uovu kwa jina lake, atarudisha alichochukua yeye mwenyewe, na lile deni alilodai yeye atalipiga mstari, akijua ya kuwa itamgharimu.

Hayo ndiyo niliyotaka kuwaeleza.